Somo: Kuongeza Shughuli ya Pili Shambani Bila Kuidhoofisha ya Kwanza

Wanachama wenzangu, mkulima anayetaka kupanua biashara yake huanza kwa kuuliza ni mradi gani unaolipa. Mimi ningeanza na swali jingine: ni miezi ipi ambayo mikono yake haina kazi na mfuko wake hauna kitu?

Hatua ya kwanza: andika kalenda. Orodhesha miezi 12 kwenye daftari, na mbele ya kila mwezi uandike siku za kazi, fedha zinazotoka na zinazoingia. Mkulima wa nafaka ataona kwamba palizi humaliza nguvu kazi yote, na kwamba mapato huja mara moja tu, baada ya mavuno. Kuku wa mayai wangemletea fedha kidogo kidogo mwaka mzima, lakini hawana sikukuu; nyuki hudai saa chache, ila asali nayo ina msimu wake.

Hatua ya pili: chagua shughuli inayotumia mabaki ya ile ya kwanza. Pumba huingia katika chakula cha kuku, na samadi hurudi shambani, mradi iozeshwe kwanza, kwa kuwa samadi mbichi ya kuku huunguza mimea.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huiruka: tafuta ujuzi kabla ya mtaji. Njia ninayoiamini zaidi ni shamba darasa, lililoanzishwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, nchini Indonesia mwaka 1989 kwa wakulima wa mpunga waliokuwa wakisumbuliwa na wadudu. Kikundi cha watu kama 25 hukutana kila wiki kwa msimu mzima, kikalinganisha kipande kinachotunzwa kwa mazoea na kingine kinachotunzwa kwa mbinu mpya, kisha wanakikundi huamua wenyewe kwa waliyoyaona. Ujuzi wenyewe si lazima uwe mkubwa. Mfano ni kupima ukavu wa mahindi: tia punje katika chupa kavu ya kioo hadi kama robo yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi hayo yataota ukungu ghalani. Isipoganda, mimi bado ningeyaanika siku moja zaidi, kwa sababu ghala la muda mrefu hutaka unyevu wa karibu asilimia 13.

Hatua ya nne: anza kidogo na uweke hesabu za kila shughuli peke yake, ukihesabu pia siku zako mwenyewe za kazi, kwani faida nyingi za kwenye daftari ni jasho ambalo halikulipwa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nina muda lakini sina mtaji. Nianzie wapi?
Jibu: Anzia kwenye zao ulilonalo. Kulikausha vizuri, kulipanga kwa madaraja na kulihifadhi hadi bei ipande ni shughuli ya pili tayari, na gharama yake kubwa ni umakini.

Swali: Je, ninaweza kuweka mizinga karibu na bustani ninayoipulizia dawa?
Jibu: Ndugu yangu, usipulizie mimea iliyochanua. Pale ambapo huna budi kupulizia, fanya hivyo jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani, na usome kibandiko kwanza, maana sumu nyingine hubaki kwenye majani hadi kesho yake.

Swali: Kuku wangu wa mayai wana miezi mitatu na ninaona hasara tupu. Niwauze?
Jibu: Bado. Kuku hao huanza kutaga wakiwa na umri wa karibu miezi mitano, kwa hiyo kwa sasa ni lazima daftari lioneshe matumizi matupu. Angalia kwanza kama fedha za chakula zitafika huko. Zisipofika, punguza idadi sasa badala ya kuwapunja wote.