Namna ya kumsikiliza Ornette Coleman bila kukimbia

Wateja wanaoniletea spika hapa Majengo, Dodoma, wakikuta nimemweka Ornette Coleman huuliza kama redio imeungua. Anayetaka kumwelewa mzee huyu wa Texas, Marekani, mpiga saksafoni wa jazz aliyezaliwa Fort Worth mwaka 1930, afanye hivi.

Spika ya simu weka kando. Haitoi besi, na kundi la Coleman la 1959 halikuwa na piano ya kuwaonyesha wengine njia. Mpulizaji anakwenda anakotaka, Charlie Haden anamfuata kwa besi. Usipoisikia besi, utadhani kila mtu amepotea njia.

Anza na "Lonely Woman", iliyomo kwenye albamu ya The Shape of Jazz to Come. Ngoma za Billy Higgins zinakimbia, huku saksafoni na tarumbeta ya Don Cherry zikijivuta taratibu juu yake. Usihangaike kuzipatanisha. Rudia mpaka uweze kuimba ule wimbo huku unaosha vyombo. Kabla ya hapo usiende mbele. Saksafoni yake, ya plastiki wakati huo, inapinda sauti na wengi inawakera. Aliyekulia Ugogoni akaisikia ilimba, ile ala ya vyuma ya kupigwa kwa vidole gumba, yenye utando wa buibui unaovuma hatashangaa sana.

Sasa njoo kwenye albamu ya Free Jazz, na hapa naongea kama fundi. Ilirekodiwa Desemba 1960: dakika 37, makundi mawili ya watu wanne wanne yakipiga kwa pamoja. La Coleman na Cherry liko kushoto, la Freddie Hubbard na Eric Dolphy liko kulia. Eafoni ikifa upande mmoja, umepoteza watu wanne! Vile vispika vya bluetooth vya kubeba mkononi navyo vinawakoroga wote nane. Tafuta spika mbili, zitenganishe, kaa katikati. Zungusha balansi usikilize kushoto peke yake, halafu kulia, ndipo ufungulie zote. Naamini wengi wanaoichukia albamu hii wameisikia nusu.

Mpenzi wa muziki wa dansi akishindwa na hayo yote, aende moja kwa moja kwenye Dancing in Your Head ya 1977. Kuna magitaa mawili ya umeme na kibwagizo kimoja kinachorudiwa bila huruma.

Mwishoni sikiliza Sound Grammar, iliyompa tuzo ya Pulitzer mwaka 2007, miaka minane kabla hajafariki. Mpiga ngoma ni mwanawe Denardo, yule yule ambaye baba yake alimwingiza studio mwaka 1966 akiwa na miaka 10, watu wazima wakaguna. Besi ziko mbili, moja ya vidole, nyingine ya upinde. Hiyo usiisikilizie kwenye bajaji.