Maswali yasiyozua ubishi: chemsha bongo ya Mapinduzi ya Marekani

Chemsha bongo huharibiwa na swali lenye majibu mawili, na historia ya makoloni 13 imejaa maswali ya aina hiyo. Ukiuliza "Marekani ilijitangazia uhuru lini?", meza moja (yaani timu moja) itaandika 2 Julai 1776, nyingine 4 Julai, na zote zina hoja. Kura ya kujitenga na Uingereza ilipigwa tarehe 2. Maandishi ya Azimio la Uhuru yakapitishwa tarehe 4. Wajumbe wengi walitia saini 2 Agosti. Kwa hiyo taja kitendo chenyewe: "Maandishi ya Azimio yalipitishwa tarehe gani?"

Mtego wa pili ni kalenda. Uingereza na makoloni yake walibadili kalenda mwaka 1752, watu wakalala 2 Septemba wakaamka 14. Kabla ya hapo mwaka wao ulianza 25 Machi, ndiyo maana George Washington, jemadari wa vita hivyo na rais wa kwanza wa Marekani, alizaliwa 11 Februari 1731 kwa hesabu ya zamani na 22 Februari 1732 kwa mpya. Tukio la zamani lililoangukia kati ya Januari na Machi usiliulizie tarehe wala mwaka.

Maswali 40 yanatosha kwa saa mbili: raundi nne za maswali kumi. Anza na makoloni kuanzia Jamestown, makazi ya kwanza ya kudumu ya Waingereza huko, 1607, kisha kodi na ghasia, halafu vita hadi mkataba wa amani wa 1783, umalizie na picha. Katika kila kumi, manne yawe mepesi, manne ya kati, mawili magumu. Mepesi yatangulie, la sivyo meza dhaifu zinakata tamaa mapema. Soma kila swali mara mbili, toa sekunde 45.

Maswali matamu ni yale ambayo watu wanadhani wanayajua. Paul Revere, mpanda farasi aliyetumwa usiku kuonya kuwa askari wa Uingereza wanakuja, alifika mji wa Concord? Hakufika, alikamatwa njiani. Aliyefika ni mwenzake, Samuel Prescott. Washington alitia saini Azimio? Hapana, alikuwa New York na jeshi. Kwenye raundi ya picha weka mgongo wa noti ya dola 2, uulize kinachotendeka. Wengi wataandika "wanatia saini", kumbe ni rasimu ya Azimio inakabidhiwa.

Watu watano kwa meza ndio wastani mzuri. Wakizidi sita, wawili wanabaki watazamaji. Karatasi za majibu zikusanywe kabla ya kutaja jibu hata moja, kisha meza zisahihishiane. Rufaa zisikilizwe mwisho wa raundi tu, na mwamuzi asiwe msomaji wa maswali.

Pointi zikilingana, tumia swali la namba: masanduku mangapi ya chai yalimwagwa bandarini Boston tarehe 16 Desemba 1773? Ni 342, na aliyekaribia zaidi anashinda. Usitumie idadi ya waliotia saini Azimio; hiyo 56 wengi wameikariri, mtafungana tena.