Namna ya kukadiria mmomonyoko wa udongo na mashapo ya lambo: mfano wa mashamba ya Dodoma

Udongo unaong'olewa shambani si lazima ufike bwawani. Kwa hiyo anayetaka kutengeneza modeli ya mmomonyoko achague dakio dogo, yaani eneo ambalo maji yake yote ya mvua hutiririkia mahali pamoja, lenye lambo mwishoni, ili makadirio yake yapimwe kwa tope linaloonekana. Dodoma inafaa sana kwa kazi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala (Uswidi) walichunguza madakio ya Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi, na kiasi cha mashapo, yaani udongo uliobebwa na maji na kutuama, kilichojaa mabwawani kilikuwa sehemu kuu ya ushahidi wao.

Chora kwanza mpaka wa dakio kwa kutumia data za mwinuko wa ardhi za SRTM, zenye pikseli (vipande vya ramani) za mita 30, ndani ya programu ya ramani ya QGIS. Kisha tembea mpaka huo kwa miguu, kwa sababu barabara ya vumbi au mfereji mmoja unaweza kuhamishia maji ya kilima kizima upande mwingine, na pikseli ya mita 30 haiuoni.

Kwa upotevu wa udongo tumia mlinganyo wa RUSLE, uliotokana na kazi ya Wischmeier na Smith wa Marekani: A = R × K × LS × C × P. A ni tani za udongo zinazopotea kwa hekta kwa mwaka, R ni nguvu ya mvua ya kumomonyoa, K ni wepesi wa udongo kumomonyoka, LS ni urefu na ukali wa mteremko ukilinganishwa na kipande cha mita 22.13 chenye mwinamo wa asilimia 9, C ni kifuniko cha mimea, na P ni hatua za hifadhi kama vile makinga maji na kilimo cha kontua. Mvua unaweza kuipata katika data za CHIRPS, zinazotokana na setilaiti na vituo vya mvua na zinazoanzia 1981, na sifa za udongo katika SoilGrids, ramani ya udongo ya dunia. Mahali pasipo na hifadhi yoyote, weka P kuwa 1. Makinga maji yaliyobomoka yasipewe alama nzuri kwa kuwa tu yapo kwenye ramani, kwani hukusanya maji na kuyapitisha kwa nguvu mahali pamoja.

C ndiyo inayohitaji uangalifu kuliko zote. Mvua za Dodoma huanza kwa kawaida Desemba, wakati mashamba ya mtama na uwele yako wazi, mabua yamekwisha kuliwa na mifugo, na mbegu ndiyo kwanza inamwagwa. Picha ya setilaiti ya Machi itaonyesha shamba la kijani na kukudanganya kuwa udongo umelindwa mwaka mzima. Kadiria C ya kila mwezi peke yake, kisha tafuta wastani kwa kuupa kila mwezi uzito unaolingana na sehemu yake ya R. Kwa namna hiyo Desemba na Januari hubeba uzito unaostahili.

Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba shamba lina R ya 4,000, K ya 0.025, LS ya 1.5, C ya 0.4 na P ya 1. Upotevu ni tani 60 kwa hekta kwa mwaka, na ikiwa mita moja ya ujazo ya udongo huo ina tani 1.2, hiyo ni milimita 5 za udongo wa juu. Mkulima huielewa milimita haraka kuliko tani.

Sasa nenda lamboni mwishoni mwa kiangazi, sakafu ikiwa imekauka na kupasuka. Chimba mashimo katika mistari inayokatiza lambo, ukitafuta mahali ambapo tope laini lenye matabaka linakoma na udongo mgumu wa zamani, wenye mabaki ya mizizi ya nyasi, unaanza. Pima kina, kokotoa ujazo, kisha chukua sampuli kwa bomba la ujazo unaojulikana na uzikaushe ili kupata uzito mkavu. Ikiwa dakio la hekta 200 limeleta mita za ujazo 12,000 kwa miaka 10, na kila mita ina tani 1.2, lambo limeshika tani 14,400. Likiwa linanasa asilimia 90 ya mashapo yanayoingia, yaliyofika ni tani 16,000, yaani tani 8 kwa hekta kwa mwaka.

Modeli ikitoa wastani wa tani 40 kwa hekta kwa mwaka katika dakio zima, uwiano wa yaliyofika ni 0.2, na tani 32 zilizobaki sharti zitafutwe chini ya miteremko, kwenye kingo za mashamba na mahali ambapo mashina ya miti yamefukiwa. Lambo likipokea zaidi ya kilichokadiriwa, angalia makorongo na njia za ng'ombe kabla ya kushuku K, maana RUSLE haihesabu makorongo kabisa. Modeli inayosafirisha mashapo pikseli kwa pikseli, kama WaTEM/SEDEM, hurekebishwa kwa kubadili kigezo chake cha uwezo wa maji kubeba udongo hadi makadirio yakaribiane na tope lililopimwa. Kigezo hicho kijaribiwe katika lambo la pili ambalo halikutumika kukirekebisha, ndipo ramani itumike kuchagua mashamba ya kuanza kuchimba makinga maji.