Somo: Kupima ubongo wa kati kwa tochi

Wadau wa utabibu hapa Moshi, ubongo wa kati ukiukariri kwa mchoro tu, mtihani ukipita nao umepita. Anzeni machoni pa mgonjwa.

Hatua ya 1: Jua ulipo. Ni kipande cha shina la ubongo, kama sentimita 2 tu, juu ya ponsi, sehemu ya shina hilohilo iliyovimba mbele. Mbele kuna nguzo mbili zinazoshusha nyuzi za kuendesha misuli. Nyuma ya nguzo kuna tabaka jeusi, substansia nigra. Mgongoni mwa ubongo wa kati kuna vilima vinne: viwili vya kuona, viwili vya kusikia. Mfereji wa Sylvius unapita humo, mwembamba mno. Kwa mtoto mchanga ukiziba, maji hujaa na kichwa huanza kukua.

Hatua ya 2: Mulika. Hapa msiharakishe. Punguza mwanga, mgonjwa atazame mbali, asiitazame tochi. Ilete kutokea pembeni. Mulika jicho la kulia ukiangalia mboni ya kulia. Rudia jicho hilohilo ukiangalia ya kushoto. Zote mbili zisinyae, kwa sababu mwanga huingia kwa neva ya 2 ya kichwa (ya kuona), ubongo wa kati huugawa pande zote, amri hurudi kwa neva ya 3 (ya kusogeza jicho, kope na mboni). Mboni ya kulia isiposinyaa popote utakapomulika, shuku neva ya 3 ya kulia. Lakini kabla hujatisha wodi nzima, uliza kama kawekewa matone ya macho.

Hatua ya 3: Afuate kidole. Neva ya 3 ikifa, kope huanguka na jicho hugeukia nje na chini. Ya 4, nayo ya kusogeza jicho, ikiumia, analalamika kuona viwili akishuka ngazi.

Hatua ya 4: Pima nguvu. Kope ya kushoto imeanguka na mwili umepooza kulia? Tatizo liko ubongo wa kati kushoto. Ndiyo sindromu ya Weber.

MASWALI

— Shikamoo mwalimu. Kijana wa bodaboda kaanguka, anazidi kusinzia, mboni moja imepanuka. Tuandike tusubiri raundi ya asubuhi?

Marahaba. Msisubiri hata kidogo! Damu inasukuma ubongo, unabana neva ya 3. Nyuzi za mboni zipo nje ya neva, ndizo huumia kwanza. Linda njia ya hewa na shingo, mpe oksijeni, inua kichwa cha kitanda digrii 30, pigia hospitali ya rufaa ya KCMC sasa hivi. Wataje saa mliyoiona mboni ikibadilika.

— Mama mwenye kisukari, kope imeanguka ila mboni zote ziko sawa?

Kisukari huziba vimishipa vinavyolisha kiini cha neva, nyuzi za nje zinasalimika. Wengi hupona ndani ya miezi. Ila mboni ikianza kupanuka, mpe rufaa siku hiyohiyo; huenda mshipa wa damu umevimba.

— Na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa?

Seli za substansia nigra zinazotengeneza dopamini, kemikali ya kuratibu mwendo, zinakufa. Tochi haikusaidii hapo. Mwambie atembee, uangalie mkono usiopunga.