Namna ya kuskiza albamu kongwe ilosifiwa na dunia nzima ukaandika ulichohisi mwenyewe

Wenzangu wengi hapa mjini wakipata albamu ya zamani inayosifiwa kila pembe, cha kwanza wanaingia mtandaoni kusoma kwa nini inasifiwa, wakishamaliza ndo wanaskiza, halafu wakiandika chochote unaona kabisa haya si maneno yao. Ukimuuliza wimbo gani umekugusa anakwambia yote mazuri. Mie nlikuwa hivohivo miaka mingi, kwa hivo haya yote nimeyajua kwa kukosea.

Kabla hujaanza jua mambo matatu tu, imetoka mwaka gani, asili yake ina nyimbo ngapi, na upande wa kwanza unaishia wimbo upi. Sifa waachie wenyewe utakuja kuzisoma baadae. Hilo la idadi usilidharau maana makampuni yakitoa toleo jipya yanabandika mikanda ya mazoezi na vipande vilivoachwa studio. Kind of Blue ya Miles Davis, yule mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, ya 1959, ina nyimbo 5 tu, ukisikia ya sita inaanza ujue imeongezwa, zima. Na ule upande ni hivi, sahani ya santuri ilikuwa inabeba kama dakika 20 na kidogo kila upande, walopanga nyimbo walijua hapo mtu atanyanyuka kwenda kuigeuza, bas na wewe nyanyuka. Mie huo ndo wakati wa kumimina kahawa.

Halafu angalia simu yako isije ikawa inachanganya nyimbo!! Hapa nliumbuka. What's Going On ya Marvin Gaye, mwimbaji wa Marekani, ya 1971, nliiskiza mara ya kwanza kwa programu ya bure ambayo inakuchagulia yenyewe wimbo gani ufuate, nikawaandikia wenzangu kwenye grupu kuwa jamaa sauti anayo lakini nyimbo zake zinakatika ghafla kama umeme wa mtaani kwetu. Wakanicheka wiki nzima. Kumbe ile albamu nyimbo zinashikana mikono, moja haijamaliza nyengine ishaingia, na maneno yake ni kama ya askari karudi kutoka vita vya Vietnam anaikuta nchi yake haitambui tena, ndugu yake Marvin kweli alikuwa kule vitani. Ukiichanganya unakuwa kama mtu anayehadithiwa kisa kuanzia katikati.

Sasa kuskiza kwenyewe. Zima feni. Najua joto, najua, lakini ile Kind of Blue inaanza piano na besi wananong'onezana, feni ikizunguka husikii kitu, na mie mara ya kwanza feni ilikuwa inazunguka. Nikakaa nasubiri aimbe mtu. Sie tushazoea taarabu, mnapigiwa bashraf kwanza vinanda vitupu mpaka watu wakae vizuri, baadae ndo mwimbaji anatoka, basi nikasubiri, dakika tano, dakika tisa, wimbo wa pili ukaingia, wa tatu, hakuna mtu anaimba! Nikaandika kwenye daftari "bashraf isokwisha" nikalala zangu. Na lile neno sikulifuta mpaka leo kwa sababu ndo nlichohisi siku ile, usije ukafuta cha kwanza ulichoandika hata kikikutia haya.

Kipimo changu mie ni kutunza. Kwenye taarabu mtu yuko kitini kimya, ubeti unamfika, ananyanyuka na noti yake mkononi anakwenda taratibu mpaka mbele kwa mwimbaji (wengine wanatunza ili jirani aliyekaa nyuma aumie, hayo mengine). Hakuna anayemfundisha wakati wa kunyanyuka. Basi ukiskiza albamu yoyote, ya Marekani, ya Misri, ya wapi, jiulize ningenyanyuka wapi? Andika dakika. Ile Kind of Blue mara ya pili umeme ulikatika, feni kimya, simu ina chaji, na kwenye wimbo wa kwanza kama dakika moja na nusu hivi, yule wa dram anagonga upatu mmoja halafu tarumbeta la Miles linaingia peke yake. Elfu mbili yangu ingetoka hapo hapo. Kwenye daftari niliandika "1:30, nimeacha kutafuna kashata". Sentensi kama hio ndo unayoitafuta, si "ala zimepangwa kwa ustadi wa hali ya juu", hio kila mtu anaweza kuiandika hata kama hajaskiza.

Kama hujanyanyuka popote andika hivohivo. Sijanyanyuka. Lakini sema ulichoka wapi, maana "mbaya" peke yake haimsaidii mtu.

Halafu iache wiki, uirudie mahala pengine kabisa. Mie nimewahi kurudia kwenye boti ya Pemba, tuko mkondo wa Nungwi, nusu ya watu wameinamia mifuko, tarumbeta masikioni... sikupendekezei lakini sijaisahau.

Ya Queen nayo, bendi ya Uingereza, hio A Night at the Opera ya 1975 iskize wewe mzanzibari kwa makusudi. Mwimbaji wao Freddie Mercury kazaliwa hapahapa Unguja 1946, kila mtu anakuonesha Shangani, ila ukimuuliza albamu anakutajia wimbo mmoja tu ule mrefu, Bohemian Rhapsody. Iskize yote utashangaa, kuna nyimbo hata haimbi yeye, mpiga gitaa na mpiga dram wao wanaimba zao. Mie nlikuwa nshajiandaa kujivunia mtoto wa nyumbani, mara naskia sauti ya mtu mwengine, ikabidi nirudi nyuma nikague kama nimekosea.

Kwa kina Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu wa zamani, njia hii utaipunguza. Yeye alirekodi Bombay 1928, zama za sahani zinazochukua kama dakika tatu upande mmoja, kwa hivo albamu hakuna, kila wimbo umesimama peke yake. Chukua mmoja tu, urudie mara tatu kwa kikao kimoja, mara ya kwanza utasikia mikwaruzo ya santuri tu, ya pili fidla, ya tatu ndo maneno.

Kitu chengine andika na wanachosema watu wa nyumbani wakipita. Mama hajui Kiingereza, alipita mlangoni na ungo wa mchele Marvin Gaye yuko katikati, akasimama, akaniuliza, "Huyu analia ama anaomba dua?" Nikamwambia sijui mama. Akakaa chini akaendelea kuchagua mchele wake mpaka upande ukaisha, na tokea siku hio akiniona na simu ananambia mwanangu hebu niwekee yule wa dua.