Usuli wa Mchoro wa Tingatinga Uachwe Ukauke Hadi Ndani

Anayechora kwa mtindo wa Tingatinga hutumia rangi ya mafuta ile ile ipakwayo milango na baiskeli, nayo ndiyo aliyoitumia Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alipoanza kuchora juu ya vipande vya hadibodi jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Uzuri wa rangi hii ni mng'ao wake. Taabu yake ni kwamba hukauka juu kabla ya kukauka ndani. Kwa hiyo, baada ya kupaka usuli, yaani rangi ya nyuma ya picha, ulaze mchoro kivulini hadi siku ya pili, hata kama kidole kikiugusa hakinati, kwa sababu madoa, tuseme ya chui, yakiwekwa juu yake mapema mno, ngozi ile ya juu hulainika na kujikunja, na mikunjo hiyo haiondoki ila kwa msasa. Jua kali, ambalo wengi hulikimbilia, huzidisha tatizo hilo. Afadhali tabaka mbili nyembamba kuliko moja nzito.

Madoa yenyewe yanataka rangi nzito kidogo, isiyotiwa tapentaini nyingi, ili yasimame bila kutambaa pembeni. Na iwapo umechora kwenye turubai, na mnunuzi (mara nyingi mgeni anayewahi ndege) anataka kuliviringisha, tumia bomba pana, upande wenye rangi ukiwa nje, maana rangi hii hukakamaa kadiri inavyozeeka, na turubai likibanwa sana hupasuka.