Somo: Namba za makombora, namna ya kuzipima kabla hujazisambaza

Kila mapigano yakipamba moto Mashariki ya Kati, simu zetu hujaa taarifa za aina moja: upande huu umedungua asilimia 90, upande ule unaapa kwamba yote yamefika. Chukua kalamu na karatasi. Wanajeshi mliomo humu mtanivumilia, nimerahisisha.

Hatua ya 1: Jua ni kombora la aina gani
Kombora la balistiki husukumwa na injini kwa dakika chache tu. Injini ikizima, linaendelea kwa kasi liliyokwisha kuipata, linatoka nje ya angahewa, kisha linaanguka. Likikosea kidogo pale injini inapozima, litakosea sana huko liendako, na umbali ukiongezeka kosa nalo linakua. Iraq ilipolirefusha kombora la balistiki la Kisovieti liitwalo Scud, masafa yake yalipanda kutoka kilomita 300 hivi hadi zaidi ya 600, lakini lilikuwa likikatika vipande wakati wa kushuka. Hapo anayelidungua anajiuliza: kipande kipi ndicho kichwa, yaani sehemu yenye mlipuko?

Hatua ya 2: Elewa maana ya "usahihi wa mita 500"
Wengi wanadhani kila kombora litaanguka ndani ya mita 500. Sivyo. Maana yake ni kwamba nusu yataanguka ndani ya duara hilo. Nusu nyingine? Namba hiyo haisemi. Kombora la kukosea kilomita nzima linaweza kutisha mji, ila haliwezi kuchagua jengo. Ndiyo maana shambulio la Iran kwenye kambi ya Ain al-Asad, Iraq, tarehe 8 Januari 2020 liliwashtua wengi: yalipigwa majengo mahususi. Hakuna aliyekufa, lakini wanajeshi zaidi ya 100 wa Marekani waligundulika wameumia ubongo.

Hatua ya 3: Asilimia ya nini?
Ya yaliyorushwa, au ya yale waliyoamua kuyadungua? Mifumo mingine huyaacha makusudi yanayoelekea porini. Tena, kuligusa kombora si kukiharibu kichwa chake. Februari 1991, wakati wa vita na Iraq, Rais George Bush wa Marekani alitangaza kwamba Patriot, mitambo ya Marekani ya kudungulia makombora, zimedungua Scud 41 kati ya 42. Baadaye jeshi lenyewe likapunguza madai hayo, na Theodore Postol wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani, aliyechunguza picha za video, akasema yaliyodunguliwa kweli yalikuwa karibu na sifuri.

Hatua ya 4: Piga hesabu
Tuseme kombora la kudungulia hupata mara 7 kati ya 10. Ukifyatua mawili, nafasi ya yote kukosa ni 0.3 × 0.3, yaani 0.09. Umefika asilimia 91, safi. Sasa adui akirusha 10, nafasi ya kuyadungua yote ni 0.91 ikizidishwa yenyewe mara kumi: asilimia 39 hivi. Kama vichwa ni vya nyuklia, moja tu likipenya ni mji mzima.

Hatua ya 5: Tafuta kosa linalorithiwa na wote
Hesabu ya juu inadhani kila jaribio linajitegemea. Dhahran, Saudi Arabia, ilionyesha vingine. Tarehe 25 Februari 1991 mtambo wa Patriot ulikuwa umewashwa mfululizo kwa zaidi ya saa 100. Kompyuta yake ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na sehemu ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa 0 na 1, hivyo mkia ulikatwa. Baada ya saa 100 tofauti ilifika sekunde 0.34. Ndogo? Kwa mwendo wa Scud ni zaidi ya nusu kilomita. Rada ikatafuta mahali pasipo, haikuona kitu, na hakuna kombora lililofyatuliwa. Scud likaanguka kambini, wakafa wanajeshi 28 wa Marekani. Siku chache kabla, watumiaji walikuwa wameandikiwa waepuke kuwasha mtambo "muda mrefu sana", bila kuambiwa mrefu ni saa ngapi. Programu iliyorekebishwa ilifika kesho yake. Kwa kosa la namna hiyo, hata ungekuwa na makombora 20 ya akiba yasingekufaa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Doha: Mwalimu, Juni 2025 Iran ilipoishambulia Al Udeid, kambi ya Marekani hapa Qatar, Rais Trump alisema yalirushwa 14, 13 yakadunguliwa. Si asilimia 93 hiyo?
Jibu: Kwa namba hizo ndiyo, ndugu yangu, na pole kwa usiku ule. Lakini Iran ilitoa taarifa mapema, yaani mtihani ulivuja. Na lile moja lilipiga: picha za setilaiti zilionyesha kuba la mawasiliano halipo tena.

Mama Wawili: Shikamoo. Kwa nini wasifyatue manne kwa kila moja, yaishe?
Jibu: Marahaba, mama. Yanaisha kweli, ila ni yao! Marekani imeweka makombora 44 Alaska na California ya kuzuia makombora ya masafa marefu. Kwa manne kila moja, 11 tu ya adui yanayamaliza yote.

Kijana wa Ujiji: Kujikinga nako kuna ubaya gani, kaka?
Jibu: Jirani yako haoni ngao tu. Anaona kwamba siku ukimshambulia hataweza kujibu, basi anaongeza silaha. Ndiyo sababu Marekani na Usovieti zilikubaliana mwaka 1972 kuweka mipaka ya ngao hizo. Marekani ilijitoa mwaka 2002. Machi 2018 Vladimir Putin alipotangaza silaha mpya, ikiwemo Avangard inayopinda njiani, alisema wazi kwamba ni jibu la kujitoa huko.

Mdau wa Doha: Na sisi raia tulio chini ya mitambo hiyo?
Jibu: Usiku uleule wa Ain al-Asad, walinzi wa anga wa Iran walikuwa wakisubiri kulipiziwa. Waliidungua ndege ya abiria ya Ukraine iliyotoka tu kuruka Tehran, wakafa watu 176. Ripoti ya Iran ilisema rada haikuwa imepangwa upya baada ya mtambo kuhamishwa. Anga ilikuwa haijafungwa.